Mkono wa Muuza Mawe

Pete ninayovaa ina jiwe jekundu, na kila anayelisifu huniuliza lilitoka wapi. Huwa nawajibu kwamba nilipewa na baba yangu mzazi. Jibu hilo ni la kweli, na watu huridhika nalo. Husema wazee wa zamani walijua kupenda, kisha tunaendelea na mazungumzo mengine. Yaliyobaki nimeyakalia zaidi ya miaka ishirini na tano. Mume wangu anajua nusu, wanangu hawajui kitu. Leo nayaandika kabla sijaanza kuyaremba.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia kwa kishindo, Bariadi ikiwa bado chini ya mkoa wa Shinyanga. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wamefika na malori yao, na chama cha ushirika kilichowatawala baba zetu kilikuwa kinasinyaa. Madukani kulijaa vitu ambavyo utotoni tulivisikia tu redioni: sabuni za kila harufu, rangi za kucha, filamu za picha za rangi. Mimi nilikuwa mpiga taipu kwenye ofisi ya mnunuzi mmoja wa pamba. Nilikuwa na chumba cha kupanga, jiko la mafuta ya taa na pazia la maua, na kila Jumamosi nilipaka kucha zangu rangi. Nilijiona mtu wa mjini. Mji wenyewe! Stendi ilikuwa uwanja wa vumbi ambamo mbuzi walikuwa na haki sawa na abiria.

Mchumba wangu alikuwa bwana mifugo, mtu wa Moshi. Alifanya kazi kwetu miaka mitatu, tukapendana, akahamishwa kurudi kwao, tukabaki na barua. Posa ilikwenda vizuri. Ng'ombe wa mahari walinunuliwa mnadani hukuhuku wakaswagwa hadi nyumbani kwetu, upande wa Lagangabilili, na baba akawapokea mmoja mmoja kwa rangi zao, kama mwalimu anayeita majina darasani. Hakuwa amesoma. Alijua kuandika jina lake tu, na hata hilo aliliandika kwa kukunja uso. Lakini ng'ombe aliyemwona mara moja, hata baada ya miaka mitano angekwambia alikuwa na baka wapi.

Mwezi mmoja baada ya mahari ikaja barua ya mama mkwe wangu mtarajiwa, mwalimu mstaafu, mwandiko wake umenyooka kama mistari ya daftari. Aliandika kwamba anazo herini za dhahabu za marehemu mama yake, na angependa ziyeyushwe zitengenezwe pete yangu na sonara wa pale Moshi. Nilikwenda nyumbani kumsomea baba barua ile. Alisikiliza hadi mwisho, akaniomba nirudie pale penye herini.

"Wao wanatoa dhahabu ya bibi yao," akasema. "Na sisi?"

"Sisi hatudaiwi kitu, baba. Wewe ndiye unayepokea."

"Mtoto haendi kwa watu mikono mitupu. Siku hizi si kuna watu wanapita na mawe? Tutatoa jiwe."

Katika ng'ombe wa mahari kulikuwa na mtamba mwekundu, mwekundu hasa, wala si kahawia. Baba alimtoa huyo. Baba zangu wadogo walinung'unika wiki nzima: ng'ombe mzima ageuzwe vipi kijiwe ambacho kuku anaweza kukimeza? Baba aliwajibu kwamba ng'ombe wa binti anarudi kwa binti, amebadili umbo tu. Mtamba akaenda mnadani. Nami nikamwandikia mwalimu kwamba jiwe litatoka kwetu. Akafurahi, akajibu kwamba tukilipata tutume kwanza picha yake ya rangi, lipigwe na rula pembeni, ili sonara achore kabla hajaigusa dhahabu, kwa kuwa dhahabu ya marehemu si ya kufanyia majaribio. "Na sisi huku," aliongeza mwishoni, "tutafurahi kuona mnachotuletea."

Hilo la mwisho ndilo baba alilolishika. Nilimsomea, akatikisa kichwa taratibu, kwa kuridhika.

Muuza mawe alitokea Arusha. Kila baada ya wiki chache alipita Bariadi akienda Mwanza, akalala nyumba ya wageni karibu na soko. Alikuwa kijana mchangamfu aliyevaa miwani ya jua juu ya nywele badala ya machoni, na mawe yake aliyafunga kwenye vikaratasi vyeupe vilivyokunjwa kama dawa ya unga. Tulimfuata pale, baba na mimi, alasiri moja ya kiangazi. Alifungua vikaratasi juu ya meza, na mimi moyo wangu ukaenda moja kwa moja kwenye jiwe la buluu. Tanzanaiti. Nilikuwa nimeliona kwenye gazeti, kwenye kidole cha bibi harusi wa Dar es Salaam.

"Hili," nikasema.

Baba alichukua kila jiwe akaenda nalo mlangoni, akaligeuza kivulini. Yule kijana alimwambia, "Mzee, liweke juani uone linavyowaka." Baba akasema juani kila kitu kinawaka, hata ng'ombe mgonjwa ukimwonyesha saa sita mchana, manyoya yanang'aa. Halafu akafanya jambo lililonifanya nitamani ardhi ipasuke. Alichukua jiwe akaligusisha kwenye mdomo wake wa chini, akafumba macho, akatulia. Akalirudisha mezani, akachukua la pili, akafanya vilevile. Mate kidogo yakabaki kwenye jiwe. Muuza mawe alinitazama mimi, akatabasamu, na mimi nikatabasamu naye. Ndiyo, nilitabasamu naye, dhidi ya baba yangu. Kama kuna mahali aibu hii inaanzia, ni hapo.

Alipofika kwenye jiwe jekundu kubwa kuliko yote, alilishikilia mdomoni muda mrefu, kisha akalisukuma pembeni kwa kidole.

"Hili lina homa," akasema.

"Homa?" kijana akacheka.

"Ng'ombe mzima pua yake ni ya baridi. Haya mengine yana pua. Hili halina."

Kicheko kikamwishia. Alilichukua lile jiwe, akalirudisha kwenye karatasi yake, na halikuonekana tena mezani. Kilikuwa kioo. Leo najua kwamba hata mafundi wa vito hupima hivyo, kwa mdomo, kwa kuwa kioo hupata joto la mwili upesi. Siku ile nilijua tu kwamba baba yangu amelamba mawe mbele ya mtu wa Arusha.

Nililia buluu hadi jioni. Baba akasema sawa, tungoje taa. Alikaa kwenye benchi la nyumba ya wageni mpaka wakawasha karabai, akaomba lile la buluu tena. Chini ya taa lilikuwa limegeuka zambarau. Akaniwekea kiganjani.

"Unaona? Asubuhi huyu, jioni yule. Mnyama anayebadilika rangi utamjuaje akipotea?"

Akachagua jekundu dogo, la ukubwa wa punje ya hindi, ambalo yule kijana aliliita ganeti. Mchana jekundu, kwenye taa jekundu. Mimi nilinuna. Nilimwambia buluu ndiyo ya kisasa. Akasema, "Mtamba alikuwa mwekundu, mayu," akiniita mama kwa Kisukuma chetu, kana kwamba hilo linamaliza mambo. Na kwake lilimaliza. Bei walielewana wao wawili pembeni. Hakunitajia hadi anakufa.

Studio ya picha ilikuwa chumba kimoja kwenye barabara ya soko, na pazia la nyuma lililochorwa ndege ya abiria na maua makubwa kuliko ndege. Tulipanga tukutane hapo asubuhi ya kesho yake. Mimi nilifika na filamu yangu mwenyewe, mpya, ya picha ishirini na nne, niliyoinunua kwa sababu sikutaka picha yangu ichanganywe na za watu. Nilikuwa nimepaka kucha rangi upya, usiku ule ule wa kununa.

Baba alifika akisukuma baiskeli. Alikuwa amelala kwa binamu yake. Alikuwa amenyoa ndevu, na amevaa koti.

Lazima nilieleze koti hilo. Lilikuwa la mtumba, la kijivu, la kitambaa kizito cha nchi za baridi, na mikono yake ilimfika kwenye vidole. Alikuwa amelinunua asubuhi hiyo hiyo, gulioni, kabla ya kuja. Mfukoni kwake kulikuwa na leso iliyokunjwa pembe tatu. Sikuwahi kumwona baba yangu na leso. Nilielewa papo hapo. Kwetu ng'ombe haonyeshwi kwa wakwe peke yake. Mwenyewe husimama pembeni, mkono mgongoni kwa mnyama, ili anayepokea amjue anayetoa. Wakwe walisema watafurahi kuona. Baba alikuja kuonwa.

"Mwangaluka, baba," fundi picha alimsalimia.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu. Karibu ndani."

Fundi alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu, asiye na papara. Tulianza na jiwe juu ya kitambaa cheusi. Likapotea, likawa kitone cheusi ndani ya weusi. Tukaliweka kwenye karatasi nyeupe; likapauka. Kamera yake haikuweza kuona kitu cha karibu, ikawa anashikilia miwani yake ya kusomea mbele ya lenzi kwa mkono mmoja na kupiga kwa mkono wa pili, akilaani taratibu. Mwishowe akasema jiwe kama hili linataka ngozi chini yake. Kabla sijanyoosha mkono wangu, baba alikuwa amekwisha kulichukua na kuliweka kwenye kiganja chake cha kulia.

Alisimama karibu na dirisha. Mwanga uliingia ubavuni kwa jiwe, ukapita ndani yake, ukaangusha doa dogo jekundu kwenye mistari ya kiganja. Hata mimi nilisogea nilione. Fundi akaweka rula ya shule kando, akapiga mara tatu, nne.

Ila mkono ule! Ngozi imekakamaa, nyufa zina udongo ambao hakuna sabuni iliyowahi kuufikia, na kidole cha shahada hakina pingili ya juu. Kilikatwa na mnyororo wa plau mwaka niliozaliwa mimi, na nyumbani walinitania kwamba nilikuja nikabadilishana na kidole cha baba. Niliutazama ndani ya studio, nikauona kama watakavyouona sebuleni Moshi. Wanangu wakiniuliza ubaya unatokaje ndani ya mtu, ningewaambia hautoki kwa kishindo. Mimi nilikuwa nimesimama tu pale nikiona haya.

Fundi alitazama namba kwenye kamera. Baba alikuwa amegeuka kutuachia mgongo, anarekebisha koti, anaipandisha ile leso ionekane. Alikuwa tayari amekwenda kwenye kiti mbele ya pazia la ndege, hajakaa, anasubiri kuambiwa.

"Zimebaki kumi na tano," fundi akaniambia kwa sauti ya chini. "Tumpige mzee?"

Nikasema kwa sauti, ili baba asikie, "Baba, filamu imekwisha."

Fundi alinitazama. Namba ilikuwa palepale, juu ya kamera, baina yetu sisi wawili. Baba hakujua kusoma namba za kamera, na alikuwa mbali. Fundi angeweza kusema. Lakini filamu ilikuwa yangu, na mzee alikuwa wangu, akainamisha kichwa akaanza kufuta miwani yake.

"Imekwisha?" baba akauliza.

"Imekwisha."

"Basi. Siku nyingine."

Akanikabidhi jiwe, akatoka kunisubiri barazani. Mimi, badala ya kumfuata, nikamwambia fundi aniwekee taa ya kamera. Nilitaka jiwe lipigwe juu ya kidole changu, lenye kumeta, na kucha zangu zionekane. Fundi alipiga kama mtu anayekata kuni za watu. Mara moja, mara mbili, mara sita. Kila alipobonyeza, chumba chote kililipuka kwa mwanga mweupe, na mlango wa studio haukuwa mlango, ulikuwa pazia.

Nilipotoka baba alikuwa amekaa kwenye benchi. Koti alikuwa amelivua, amelikunja nje ndani, ameliweka magotini. Kilikuwa kiangazi kikavu, mbingu haina hata wingu moja.

"Nimeona radi humo ndani," akasema.

"Wanajaribu taa zao, baba."

"Aa." Akatazama barabara kidogo. "Twende tukanywe chai, mayu. Nina safari."

Tukanywa chai. Alininunulia na chapati. Alinisimulia habari za mvua na za kisima cha jirani, akalifunga koti kwenye kibebeo cha baiskeli kwa mpira, akaondoka zake. Sikumwona tena akivaa koti lile. Mama aliniambia baadaye kwamba alimpa binamu yake, akasema linambana. Koti lililomfika kwenye vidole.

Filamu ilipelekwa Mwanza kusafishwa, ikarudi baada ya wiki mbili. Picha zangu zote sita zilikuwa zimeungua. Mkono wangu ulitoka mweupe kama unga, kucha zikawa madoa, na jiwe likawa kitu cheusi kama mbegu ya papai. Picha moja tu ilikuwa na jiwe lenye rangi yake, rula yake inasomeka, na lile doa jekundu limetulia kwenye ngozi. Ilikuwa ya kiganja cha baba. Nilichukua mkasi. Nilijaribu kuona kama naweza kukata kile kidole kilichokatika bila kugusa rula. Haikuwezekana, maana rula ilipita chini ya vidole vyote. Nikaituma nzima, kwa shingo upande.

Jibu la mwalimu lilikuwa refu na lenye furaha. Sonara amelipenda jiwe. Amechora. Halafu, katikati ya barua: "Na mkono huu uliolishika ni wa nani? Ni mkono wa mtu aliyefanya kazi."

Nilikaa na swali hilo ofisini, mbele ya mashine yangu ya taipu. Leo naliona lilivyokuwa: mlango ulio wazi kabisa, na mtu mwema amesimama mlangoni ananikaribisha. Mimi nilisoma dharau mahali ambapo hapakuwa na dharau. Nikamjibu, tena kwa taipu ili nionekane mtu wa ofisi: "Mkono ni wa muuza mawe."

Ndoa ilifungwa kanisani Bariadi, baada ya mavuno ya mwaka uliofuata. Wakwe waliteremka kwenye basi wakiwa na vumbi hadi kwenye kope, wakaoga, wakapendeza. Pete nilikuwa nayo tayari. Niliifuata mwenyewe Moshi na jiwe langu mkononi, na sonara aliitengeneza kama alivyoichora. Ni pete nzuri. Sitasema vinginevyo kwa sababu tu mimi sikuwa mzuri.

Nje ya kanisa, wakati watu wanapeana mikono, mwalimu alimfikia baba yangu. Walikuwa hawajawahi kuonana. Posa ilikuja na wajomba. Baba alimpa mkono wa kulia, akaushika kwa chini na wa kushoto, kwa heshima. Mwalimu hakuuachia. Aliutazama. Akaugeuza kidogo, taratibu, kiganja juu, na kidole gumba chake kikapita pale ambapo pingili haipo. Nilikuwa hatua mbili kutoka pale, ndani ya gauni langu.

"Baba," mwalimu akasema, "mkono huu nimeshauona."

"Wapi, mama?"

Mwalimu akanitazama. Hakunitazama muda mrefu. Nilingoja aseme, na ingekuwa haki yake kusema.

"Kwenye picha ya jiwe," akasema. "Nyumba nzima tuliuona. Tukasema huyu ni mtu aliyefanya kazi."

Uso wa baba yangu! Aligeuka akanitafuta, akanikuta.

"Kumbe ilifika!" akasema. "Mayu, hukuniambia ilifika!"

Nilitabasamu, nimekuwa hodari wa kutabasamu mahali pasipofaa. Mpiga picha wa harusi, mwingine, kijana wa kisasa, akaita wazazi wa bibi harusi waje kwenye ngazi za kanisa. Mama akaenda. Ndugu wakamvuta baba mkono. Akawaondoa kwa upole.

"Pigeni vijana," akasema. "Mimi wameshaniona."

Wakamsihi, naye akacheka, akarudi nyuma hadi walipokuwa wazee wenzake, akasimama pale hadi picha zikaisha. Mimi sikumsihi. Nilibaki kwenye ngazi nikishika maua. Hadi leo sijui kama alikataa kwa furaha, kwa kuwa haja yake ilikuwa imetimizwa, au kwa sababu alikumbuka radi. Nimejaribu kuamini la kwanza. Kuna miaka nimeweza, na kuna miaka nimeshindwa.

Mwalimu hakuwahi kuligusa jambo lile. Niliishi naye miaka kumi na miwili, nikampikia, nikamwogesha alipougua, na hakuwahi kuniuliza habari za muuza mawe. Wiki chache kabla hajafariki alinipa bahasha. Ndani ilikuwa picha ile. Nyuma yake, zamani zile, alikuwa ameandika kwa wino wa buluu: Mkono wa muuza mawe, Bariadi. Maneno mawili, "muuza mawe", yalikuwa yamekatwa kwa mstari mmoja wa kalamu nyekundu, kama anavyokata mwalimu kosa la mwanafunzi, na juu yake, kwa mwandiko ule ule ulionyooka, akaandika: baba yake.

Baba alifariki mwaka uliofuata, nyumbani, katika msimu wa kupalilia. Nilipofika, kaka yangu mkubwa alikuwa amekwisha kuchonga fremu ya mbao ya kuwekwa juu ya jeneza. Akaniuliza kama nimekuja na picha. Wote waliamini mimi ninayo; mtu wa mjini ndiye anayekaa na picha. Tulipekua masanduku ya nyumba nzima. Baba hakuwa na picha hata moja. Ya harusi alisimama nje ya picha, na kitambulisho cha kura alichokuwa nacho kilikuwa kimeliwa na mchwa. Nikatoa bahasha kwenye mkoba wangu.

Kaka aliipokea, akaitia kwenye fremu ilivyo. Tukaiweka juu ya jeneza: kiganja, rula ya shule, na jiwe jekundu. Niliogopa watu wangecheka au wangeshangaa. Walipita mmoja mmoja, wafugaji, wakulima wa pamba, akina mama wa kanisani, na hakuna aliyeuliza ni nani. Mzee mmoja aliyelima naye kwa plau aliinama, akagusa kioo mahali penye kidole kilichokatika, akasema, "Ndiye yeye." Wa nyuma yake akasema hivyohivyo. Mkono ambao mimi niliusingizia mtu wa Arusha, kijiji kizima kiliutambua kwa kuutupia jicho.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na jeneza. Alinyoosha mkono akaomba apewe fremu, akaishika mapajani muda mrefu.

"Wamempiga vizuri," akasema. "Lakini mbona waliacha uso?"

Wanawake waliokuwa karibu wakanigeukia. Kaka akanigeukia. Nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto watatu, na aliyedanganywa alikuwa amelala ndani ya sanduku lile. Hapakuwa na sebule ya Moshi ya kuiogopa tena.

"Filamu ilikuwa imekwisha, mayu," nikasema.

Mama akaufikia mkono wangu wenye pete, akaupapasa.

"Basi usilie," akasema. "Si kosa lako."